Sindano Niliyomnyima Kabange

Kolwezi, Manika
Tarehe 19 Oktoba 1993

Mpendwa mdogo wangu Tatiana, Mama Mapasa,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote, wewe na baba Kazadi na wote mnaolala chini ya paa moja huko Mwene-Ditu. Mguu wako je, uvimbe umeshuka? Na Dodo, bado anakataa uji? Mwambie mama yake mkubwa anasema mtoto anayekataa uji ataolewa na mwanaume anayekoroma. Na mama mkwe wako, mnaelewana? Usijibu hilo kwenye karatasi, najua barua zako zinasomwa kabla hujaziziba.

Sisi huku tunaamka, na hiyo ndiyo habari. Kisimba wangu bado anavaa koti lake la kazini kila asubuhi na kwenda ofisini kukaa mbele ya meza. Kazi yenyewe hakuna, mishahara haifiki, na mashine nyingi za mgodi zimenyamaza. Siku nyingine anapanda treni mpaka Lubudi kutafuta mahindi. Anarudi na gunia, analalamika mgongo, anakula, analala. Mimi nauza maandazi mbele ya nyumba kama zamani, ila sasa wanaonunua ni wachache kuliko wanaonusa.

Barua yako ilinifikia Ijumaa kwa mkono wa Djafari, yule mchukuzi anayepeleka chumvi na samaki Kamina. Anaondoka tena kesho, na kutoka Kamina shemeji yake Abibu ndiye atakayekufikishia hii. Kwa hiyo ni leo au basi. Tangu Ijumaa nilikuwa natafuta kazi nyingine za kufanya, nimefua hata mapazia ambayo hayakuwa na uchafu.

Mapasa wako, pacha ulioniachia, wote wawili wako hai. Nasema hilo kwanza ili usisome ukikimbia. Mbuyu yuko hai, Kabange yuko hai, jana wamekula sombe, majani ya muhogo, na samaki wakapigania kichwa cha samaki.

Lakini umeniuliza swali moja. Umeandika kwamba huko surua imezika watoto wengi wa watu walioshuka kwenye mabehewa, ukasema, yaya, dada yangu, niambie tu kama wanangu wamechanjwa, nipate kulala. Jibu langu ni kwamba Mbuyu amechanjwa. Kabange hakuchanjwa, surua ilimpata, na imemwachia kilema. Aliyemnyima sindano ni mimi. Sindano ilikuwa pale, nesi aliishika mkononi, mimi nikasema hapana.

Nitakueleza ilivyokuwa, na sitajipunguzia.

Homa za Mbuyu unazijua. Zimeendelea vilevile tangu mlipoondoka. Inakuja, inamchemsha siku tatu nne, inaondoka, anacheza kama si yeye, halafu inarudi. Tumepima damu ya malaria, hawakuona kitu. Tumepima kifua, hawakuona kitu. Masista wa misheni walimpa dawa za tumbo, mama Sikudhani jirani yetu akaleta maji aliyosomewa dua na mzee wao, mimi mwenyewe nilichemsha majani yale ya mama yetu, machungu kama nyongo. Homa ilikunywa vyote na kurudi. Daktari wa mwisho aliniambia ni homa ambayo haijulikani inatoka wapi. Nilimwambia hilo nalijua bila kusomea.

Basi nikajifunza kuishi nayo. Naweka mkono shingoni mwake kabla sijamsalimu. Usingizi wangu ni wa sikio moja. Tatiana, mtoto mgonjwa anakula akili yote ya nyumba. Mtoto mzima unamwambia tu, wewe subiri, wewe huna neno. Kabange nilimwambia hivyo tangu asubuhi mpaka jioni.

Mwezi wa nane surua ilianza kwa watu wenu, Wakasai waliofukuzwa, wale ambao bado wanasubiri treni pale stesheni na kwenye madarasa ya shule. Unaijua hali yenyewe, ulilala pale. Ikaingia mitaani, maana ugonjwa haumuulizi mtu kabila lake. Paroko akatangaza kanisani kwamba kutakuwa na chanjo kwenye uwanja wa misheni, watoto wote, wa huku na wa stesheni, bila ubaguzi. Siku hiyo nilimbeba Mbuyu mgongoni na Kabange nikamshika mkono. Mbuyu alikuwa anawaka. Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho lake.

Mstari ulikuwa mrefu sana. Aliyekuwa anachanja ni tata Polycarpe, yule nesi mwenye kitambi aliyekuzalisha Dodo. Alimgusa Mbuyu paji la uso, akatikisa kichwa.

"Mama Ndaya, huyu iko na moto mingi, tumungojee kwanza. Lete ule mwingine, yeye iko muzima, tumupike shindano sasa."

Alikuwa tayari ameshika mkono wa Kabange ili amchome sindano. Nami nikauvuta.

"Tata Polycarpe, hawa ni mapasa. Moya hapana. Kama ni wote, ni wote. Kama haiko wote, tunarudia ku nyumba."

Wewe unajua tulivyolelewa katika nyumba yenye mapasa. Ukimpa mmoja muwa, unampa na mwingine. Ukimnunulia mmoja viatu, wa pili asibaki peku. Hata kofi la mmoja, mama alikuwa anampiga na mwenzake kidogo, ili asijione ametengwa. Pacha anayeona mwenzake anapewa na yeye ananyimwa, hukasirika, na akikasirika huenda alikotoka. Niliwaza, huyu wangu wa mgongoni tayari ameelekea mlangoni, je, akiona Kabange anapewa dawa na yeye anarudishwa? Ndivyo nilivyowaza. Nilimwogopea Mbuyu tu.

Tata Polycarpe alijaribu kunisemesha, lakini nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja mzee akaitikia kwa sauti, "Mama anasema bien! Mapasa habaachanake." Wengine wakapiga makofi. Nesi akanyoosha mkono kwa mtoto aliyefuata. Na mimi, mdogo wangu, nilitoka kwenye mstari ule nimeinua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Nyumbani nilimsimulia Kisimba kwa majivuno. Alikuwa anatengeneza redio. Aliweka bisibisi chini, akasema, "Mi ningeacha bamupike ule muzima." Nikamjibu, "We haukukomalaka mu nyumba ya mapasa, unajua nini?" Akarudi kwenye redio yake. Miaka yote ya ndoa namlaumu kwamba hasemi kitu, na siku aliyosema nilimfunga mdomo.

Najua utakumbuka kwamba walipokuwa na miezi tisa, wewe pia uliwarudisha wote wawili nyumbani kwa sababu ya homa ya Mbuyu, na kabla hujarudi tena nao askari wakapora mji na friji ya dawa ikaenda. Nimeliandika hilo na nataka kulifuta. Silitaji ili tugawane mzigo. Wakati ule surua haikuwa mtaani. Wakati wangu ilikuwa barabara ya pili.

Haikupita hata wiki mbili, Kabange akapata homa. Na hapa nikakosea tena. Badala ya kushtuka, nilisema, haya, wameanza kugawana, mapasa ni mapasa. Nilimpa majani ya Mbuyu, nikamlaza kando ya Mbuyu, nikasubiri homa iondoke kama inavyoondoka ya mwenzake. Macho yalikuwa mekundu, nikasema ni moshi. Alikohoa, nikasema ni vumbi. Nimezoea homa isiyo na jina kiasi kwamba yenye jina ilipobisha hodi sikuitambua. Vipele vilipotoka nyuma ya masikio ndipo nikapiga kelele, na mama Sikudhani akaja akaangalia mara moja tu akasema, "Ni rougeole, mama. Ule mwingine umutoshe mu hiyi chumba."

Surua! Mbuyu nilimhamishia kwa mama Sikudhani. Alikuwa na homa yake ya kawaida, hana vipele. Kisimba alikwenda kumleta tata Polycarpe. Alikuja hadi nyumbani na kiboksi chake cha barafu, hakunikumbusha neno hata moja la siku ile ya mstari. Laiti angenitukana. Alimwangalia Kabange, akaniachia dawa, kisha akatoka nje tukasimama uani.

Akasema bado kuna nafasi ya kumchanja Mbuyu. Nikamuuliza, si ulisema anayewaka asichanjwe? Sasa hivi anawaka. Ikimuua je? Alijifuta uso kwa kitambaa. Alisema siku ile kulikuwa na watoto wengi, alidhani homa itashuka na mtoto atarudishwa kesho yake. Na mimi sikumrudisha. Halafu akasema maneno ambayo nayabeba mpaka leo.

"Mama, fièvre ya huyu mutoto hatuijue. Docteur haiijue, na mi siijue. Siwezi kukuambia haitapanda. Lakini rougeole tunaijua, na iko mu nyumba yako."

Nilikaa chini kwenye kinu kilichopinduliwa. Wewe hukuwepo, Kazadi hakuwepo, barua inachukua majuma. Mbuyu ni mtoto wa mtu, niliachiwa nimtunze. Nikimchanja na homa hii akafa, nitakuandikia nini? Nisipomchanja na surua ikamkuta katika mwili huu uliochoka, nitakuandikia nini? Na Kabange amelala ndani, macho yameganda. Kumpa Mbuyu peke yake kile nilichomnyima Kabange! Niliogopa, Tatiana. Niliogopa nesi, niliogopa mapasa, niliogopa majirani watasema mwanamke wa Katanga amemuua mtoto wa Mkasai kwa makusudi. Siku hizi watu wanasema lolote.

Nikainuka nikaenda kwa mama Sikudhani, nikampakata Mbuyu, nikamshika mkono mwenyewe. Nilimwambia tata Polycarpe achome haraka kabla sijabadilisha mawazo. Mbuyu hata hakulia. Aliuliza tu, "Na Kabange?" Nikamfunika kitenge changu.

Alichemka kuliko siku zote. Ilikuwa ni sindano, au homa yake, au surua inaanza? Hakuna aliyeweza kuniambia. Nilienda huku na huku kati ya nyumba mbili, nikinawa mikono mpaka ngozi ikatoka. Kisha homa ikashuka, ikakaa chini, vipele havikutoka. Mbuyu wako yuko salama. Homa zake zinakuja bado, sikudanganyi, lakini surua ilimpita.

Kabange alikuwa karibu kutuacha. Padre alikuja na mafuta. Masikio yote mawili yalitoka usaha kwa siku nyingi. Alipoanza kula tena niliimba, nikapika kuku, nikadhani tumevuka.

Halafu asubuhi moja niliangusha mfuniko wa sufuria kwenye saruji. Mbuyu aliruka. Kabange aliendelea kuchora mchangani kwa kidole. Nikamwita. Nikamwita kwa jina la nyumbani, nikamwita kwa jina analoitwa na baba yake kwa lugha ya Kasai, Kabanga. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Upepo wa makofi ulimgusa nywele, akageuka akanichekea.

Tata Polycarpe anasema masikio yakikauka huenda yakafunguka kidogo, na huenda yasifunguke. Daktari wa masikio yuko Lubumbashi, na Kisimba ameapa kumpeleka njia ikitulia. Nitakuandikia atakachosema, liwe zuri au baya. Maneno aliyokuwa nayo Kabange anayo bado, lakini yanaanza kulegea, anasema "maji" kama mtu mwenye chakula mdomoni. Mbuyu ndiye anayemsemea. Honi ya treni ikilia, Mbuyu anamgusa bega na kumwonyesha upande wa stesheni, na wote wawili wanakimbilia uzio. Hakufundishwa na mtu.

Sasa nikuambie kinachoninyima chakula. Siku ile stesheni, wewe ulitaka kumchukua Kabange. Ulisema yeye ni mzima, atastahimili behewa, uniachie Mbuyu tu mpaka homa zijulikane. Kazadi pia alitaka hivyo. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kwamba mapasa hawatenganishwi, nikamchukua Kabange kutoka mikononi mwako huku vijana wakipiga kelele mshuke, mpande, muondoke. Ulilia mkono mmoja nje ya behewa. Walikufukuza kwa sababu ya jina la mumeo, na mimi nikakuongezea yangu, nikakuachia mikono mitupu. Wengine wananiambia labda angekufa njiani, wengi walikufa. Wananiambia ili nipate kula. Sitaki kuambiwa hivyo.

Wala silaumu desturi. Mama yetu angekuwepo, yeye aliyetuachia desturi hiyo, naamini angemtazama nesi, angemtazama Kabange, angesema chanja. Desturi ilikuwa ya kuwalinda wote wawili. Mimi niliitumia kumlinda mmoja, kisha nikaiita ya wawili. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu huyu wangu amekuja na godoro lake.

Unaweza kunikasirikia. Nakuomba unikasirikie kwa maandishi, usininyamazie. Ukitaka watoto waletwe, Kisimba atawaleta mwenyewe mpaka mlangoni kwako, nimekwisha kumuuliza, amekubali. Ukitaka wabaki mpaka Kabange aonwe Lubumbashi, watabaki. Uamuzi huu ni wako. Sitatia neno, na unajua kwangu hilo ni gumu kuliko kufunga kwaresima.

Nilitaka kukuambia na habari za nyumba yenu. Wanaokaa humo wamekata ule mparachichi ili waone barabara vizuri. Nilipita, nikasalimia, wakaitikia. Cherehani yako niliichukua mapema, iko chini ya kitanda changu, imefunikwa kwa kitenge kile cha harusi. Kazadi mwambie msumeno wake sikuuona.

Msalimie sana Kazadi, na kama hataki salamu zangu, mwekee mahali azichukue baadaye. Msalimie mama mkwe. Mbusu Dodo mashavu yote mawili. Huku wanakusalimu Kisimba, na shangazi Stéphanie ambaye bado anavuta ugoro akidhani hatumwoni, na mama Sikudhani anayewaombea kila sala tano. Mbuyu ananivuta kitenge anasema andika kwamba yeye ameota jino. Si kweli, ufizi umevimba tu.

Mungu aliyewabeba katika mabehewa yale awape pa kuketi, awashibishe, awarudishie usingizi. Na mimi anisamehe kwa wakati wake, sina haraka tena ya kitu chochote.

Na siku mtakapokutana, huku au huko, usimwite Kabange ukiwa mbali. Utaita na hatageuka, na utadhani amekusahau au amekukasirikia. Hajakusahau. Zunguka mpaka mbele yake, chuchumaa, umwache akuone uso kwanza.

Wako akupendaye, hata kama leo huwezi kunipenda,

Yaya Ndaya